Tairi za Nyuma za Gari la Hajji

Wanaosema kwamba wazee wa kambini huona mambo kwa sababu ya njaa, na waje waniulize nilikula nini siku ile. Nilikula bugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikashiba, na jua lilikuwa lingali juu ya vilima. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimesinzia. Haya ninayoyaeleza niliyaona kwa macho haya mawili, na mkono wangu uligusa. Kama ningekuwa mtungaji, ningejitungia kisa chenye mwisho wa kunifurahisha. Huu haunifurahishi hata leo.

Chanzo chake ni tairi za gari. Cheka kama unataka, hata mimi nilicheka mwanzoni.

Mwanangu Wilondja ni dereva. Anaendesha gari la Hajji Sulaiti, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Mbarara. Ni gari refu, jeusi, zito, la namna ile wanayopanda mawaziri. Mlango wake ukiufunga haupigi kelele, unapumua tu kidogo, na ukishakuwa ndani dunia inanyamaza. Vioo vyake ni vinene mpaka ngoma ikipigwa nje unaona mikono ya mpigaji, sauti huisikii. Hajji mwenyewe hapandi gari hilo, analikodisha kwa maharusi. Na nani anapenda harusi kubwa kuliko sisi Wakongo? Mtu yuko kambini Nakivale chini ya turubai, lakini siku ya kumwoza binti lazima gari jeusi lifike, majirani walione. Basi Ijumaa Wilondja analileta kutoka mjini, linalala kwetu Kashojwa, Jumamosi linambeba bibi harusi, Jumapili au Jumatatu linarudi Mbarara.

Sasa gari hilo likaanza kula tairi za nyuma. Si za mbele. Za mbele zilikaa na meno yake yote kama siku ziliponunuliwa. Za nyuma zililika upande wa ndani, fasi ambayo huioni mpaka ulale chini kwenye vumbi. Ukisimama nje unaona tairi nzima, kumbe ndani imekuwa kama kisigino cha kandambili ya zamani, nyuzi za chuma zinachungulia. Tairi za kukaa mwaka na zaidi zilikuwa zinakwisha kabla msimu mmoja wa harusi haujamalizika.

Utaniambia ni barabara yetu, vumbi na mawe mingi. Hajji naye alisema hivyo. Lakini Alimasi, yule anayeendesha gari jeupe la Hajji kwa njia hiyo hiyo, mbona tairi zake zilikuwa zinazeeka kwa heshima?

Wilondja akalipeleka kwa fundi Wasswa, ng'ambo ya mto Rwizi, kule Nyamitanga. Wasswa ni Muganda mnene, anacheka kabla hujamaliza kusalimia. Alieleza kwamba gari zito hivi, kiuno chake cha nyuma kikilegea, magurudumu yanainama kwa ndani na kutembea ubavu ubavu, ndiyo maana yanakula tairi. Akabadilisha bushi, zile raba za kwenye maungio. Akabadilisha springi. Akanyoosha magurudumu kwa mashine. Tairi mpya zikafungwa, na mpya nazo zikaliwa. Wasswa akaingia tena chini ya gari, akatoka na grisi mpaka kwenye nyusi.

"Ssebo," akamwambia mwanangu, "bushi mpya, springi mpya, kila kitu iko sawa. Hii gari nakula tairi kama gari navuta trela. Trela iko wapi? Mimi sioni. Kama nakula tena, wewe ita pasta, mimi ni fundi tu."

Wakacheka wawili wale. Wilondja aliponisimulia nami nikacheka.

Hajji hakucheka. Yeye alishapata jibu lake: mtu anapakia mizigo. Nakivale kuna ziwa, ziwa lina samaki, na mjini samaki hakosi mlaji. Akawa kila Jumatatu anafungua buti na kunusa. Buti lilinukia manukato ya maharusi, basi, lakini mtu akishaanza kukushuku hata manukato anayaona ni ya kufunika harufu. Mwisho akamwambia Wilondja kwamba tairi hizi zikiliwa tena, aweke ufunguo mezani aende zake.

Kwa mwingine hilo ni neno la kazi tu. Kwetu lilikuwa neno la sufuria. Ufunguo ule ulimlisha Wilondja, mke wake Faila, watoto wao wadogo, na mimi mzee. Na zaidi ya chakula kulikuwa na jina. Mkimbizi akiitwa mwizi mara moja, nani atampa tena gari lake? Wilondja akaanza kukonda. Usiku Faila alikuwa anamsikia anageuka geuka kitandani kama mtu anayetafuta pa kupitia.

Hapa niwarudishe nyuma kidogo, maana bila hili hamtanielewa.

Binti mkubwa wa Wilondja anaitwa Neema. Aliolewa na Muhwezi, kijana Mnyankore wa Mbarara, mpole, sina neno baya juu yake. Hajji, kwa wema wake, alimwazima Wilondja gari jeusi kwa siku hiyo, ambebe binti yake mwenyewe.

Katika ukoo wa mume wangu, kule Fizi, binti haondoki hivi hivi. Shangazi, dada ya baba yake au dada ya babu yake, anashika kile kinachombeba. Zamani walishika kipoyo, kile kiti cha kubebwa mabegani. Baadaye wakashika baiskeli, baadaye lori. Shangazi anakaa chini kabisa, kwa nyuma, anashika kwa mikono miwili, anaita jina la binti pamoja na majina ya wote aliotoka kwao. Binti anaitika kutoka huko juu: "Ndimi huyo." Shangazi akishasikia anaachilia, anapiga makofi mawili kwa kiganja juu ya chombo, safari inakwenda. Watu wa upande wa bwana harusi wanadhani ni mchezo wa kutaka zawadi, na kweli wanatoa kitenge. Lakini kitenge si kitu. Kitu ni kule kuitika. Binti aliyeitika anaondoka, na fasi yake nyumbani inabaki yake.

Wa kushika siku ile alikuwa wifi yangu Asende, dada ya marehemu mume wangu Etabo. Mwanamke mfupi, mwenye ulimi wa upupu. Tangu siku niliyoletwa kwao, mimi nalia kamasi, alinitania, na hakuacha. Tulikimbia vita pamoja. Tulipofika Uganda tukalala chini ya turubai moja pale Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wageni, mgongo kwa mgongo kwa sababu ya baridi. Basi siku ya harusi Asende akakaa kwenye vumbi, akapitisha vidole chini ya bampa ya gari la Hajji, akaita. Neema mwana wa Wilondja. Wilondja mwana wa Etabo. Etabo mwana wa Mlondani. Mlondani mwana wa Lusambya na Mwamini. Akangoja. Akaita tena.

Neema hakuitika. Si kiburi. Vioo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya vumbi na gauni jeupe, ubaridi wa mashine unavuma ndani, muziki unaimba, na gari lile nimeshawaeleza lilivyo. Aliona watu wanacheka nje, naye akacheka, akapunga mkono. Mimi sikuwapo, nilikuwa nimetangulia Mbarara na akina mama wa jikoni. Kanisani walikuwa wanangoja. Vijana wakamnyanyua Asende kwa upole, wanamtania kwamba Koko, yaani bibi, anataka kwenda fungate na yeye, gari likaondoka. Nani alaumiwe? Desturi ile ilifanywa kwa kipoyo. Haikujua vioo vinene.

Niliporudi nikampelekea Asende chakula cha harusi. Alikula nyama, akafuta mdomo, akaniambia, "Wifi, mutoto hakuitika." Nikamjibu kwamba ataitika akija kututembelea. "Basi miye ningali nimeshika," akasema. Nilidhani ni utani wake.

Kabla Neema hajaja, homa ilimchukua Asende. Tulimzika hapo Kashojwa ndani ya kitenge cha zawadi alichopewa siku ile ya harusi, cha rangi ya machungwa, chenye picha za ndege. Neema alikuwa mjamzito, daktari alimkataza barabara yetu, hakufika. Alilia kwenye simu mpaka Muhwezi akamwondolea simu mkononi. Na hata kabla ya kifo kile alikuwa hajatulia mjini. Asubuhi na mapema alikuwa ananipigia: "Koko, leo munapika nini?" Nikimwambia maharagwe, anauliza ni ya shamba gani. Muhwezi alilalamika kidogo, kwa adabu, kwamba mwili wa mke wake uko Mbarara lakini roho yake inashinda Kashojwa.

Baada ya mazishi ndipo tairi zikaanza. Hakuna aliyeyaunganisha mambo haya. Wewe ungeyaunganisha?

Siku ya jambo lenyewe ilikuwa Jumatatu. Wilondja aliamka, akalala chini nyuma ya gari, akazipapasa tairi mpya kwa kidole upande wa ndani. Aliinuka. Alikwenda kunawa mikono akanawa kwa muda mrefu. Nikajua. Nikamwambia, leo nakwenda na wewe kwa Hajji. Kwetu kijana akishitakiwa, mama yake anakwenda kukaa mbele ya mwenye mali na kumsemea. Nikavaa kitenge changu cha kanisani, baada ya chakula cha mchana nikapanda kiti cha nyuma kama mke wa gavana.

Gari liliondoka kwa tabu. Nililisikia kwa mgongo wangu. Umeshawahi kutaka kuondoka na mtoto amekushika nguo? Ni vile vile. Wilondja anakanyaga, injini inalia, gari linajikokota.

"Unaona, mama?" akasema. "Nikitoka mujini kuya huku, inatembea muzuri. Nikitoka huku kwenda mujini, ni kama nabeba mulima."

Tulipopita nyumba za mwisho, kwenye kile kipando kirefu cha kilima, sindano ya kuonyesha moto wa injini ikapanda. Wilondja akasimamisha gari pembeni, akachukua jerikeni, akaniambia nikae ndani nisipigwe na jua. Akateremka kwenda kuomba maji kwa watu wa bondeni. Nikamtazama anavyoteremka, mabega yameanguka kama ya babu yake siku za mwisho.

Nikabaki mwenyewe. Ndani kimya kile. Halafu nikasikia mtu anaita majina.

Haikuja kwa kioo. Ilikuja kutoka chini ya kiti, kupitia chuma, kama mtu anayesemea ndani ya sufuria. Neema mwana wa Wilondja. Wilondja mwana wa Etabo. Etabo mwana wa Mlondani. Mlondani mwana wa Lusambya na Mwamini. Kisha kunyamaza kwa kungoja. Kisha tena. Sasa niambieni, nani mwingine Nakivale nzima anamjua Mwamini, aliyekufa kabla mimi sijaolewa?

Nikafungua mlango, nikazunguka nyuma.

Asende alikuwa amekaa kwenye vumbi. Kitenge cha machungwa, ndege wake wote wanaonekana. Vidole vyake viko chini ya bampa, miguu ameinyoosha mbele, visigino vimezama ardhini. Nyuma yake, katikati ya alama za tairi, mifereji miwili ya visigino ilikuwa imetoka kule barabara inapopinda, imekuja mpaka hapo. Visigino ambavyo mimi na Faila tuliviosha na kuvipaka mafuta kabla ya kumfunga kitenge kile.

Je, nilikimbia? Nikimbie kwa magoti gani? Na namna gani nimkimbie mtu niliyelala naye turubai moja? Niliogopa, niaminini. Lakini nilisimama.

"Wifi," akasema bila kugeuza kichwa, "umenona. Leo ni weye unanilemeza."

Hapo nikajua si pepo aliyevaa sura yake. Pepo angenisifu.

Nikamwuliza anafanya nini pale. Akasema anafanya kazi yake. Halafu akauliza, "Mutoto alishaitika?"

"Bado."

"Basi unaniuliza nini?"

Nikainama nikamgusa mkono. Haukuwa baridi, haukuwa moto. Ulikuwa kama chungu kilichoepuliwa tangu asubuhi. Nikachuchumaa karibu naye nikamweleza yote: tairi, fundi Wasswa, Hajji anavyonusa buti, ufunguo mezani, Faila asiyelala. Niliposema samaki, alicheka kile kicheko chake cha puani.

"Wilondja na samaki? Ule mwenye anatapika akiona ndagala?"

Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, tulicheka wawili pale barabarani, mzima na marehemu. Kisha akavirudisha chini ya bampa vidole vilivyokuwa vimeanza kuteleza kwa kuchoka. Akasema Wilondja ni mutoto wa kaka yake, hapendi anyang'anywe kazi. Lakini Neema naye ni wa kaka yake. Amshike nani, amwachilie nani?

Nikakumbuka simu. Nikaitoa kwenye mkunjo wa kitenge, nikampigia Neema. Nilitaka aitike hata kwa simu, neno moja tu, nimwekee Asende sikioni, tumalize. Simu ikaita, ikaita. Halafu sauti ya mwanamke ikaongea Kizungu, ikaongea Kiganda.

Asende akainua kichwa. "Ni yeye?"

"Hapana. Ni mashine ya simu."

"Inaongea muzuri. Iambie imwite."

Nikapiga tena. Nikapiga tena. Neema alikuwa kwenye duka la wakwe zake, baadaye nilijua, simu iko kwenye mkoba, mkoba uko chini ya meza. Hakuna ubaya wowote. Mtu akiwa kazini ni hivyo.

Asende ndiye aliyemwona Wilondja kwanza. Alikuwa anapanda kutoka bondeni, jerikeni begani, anapumzika kila hatua chache. Asende akasema kwa haraka, sauti imebadilika, haina utani tena.

"Asinikute nimeshika. Mutoto akimuona mufu ameshika, na yeye anashikwa. Sema sasa, wifi. Miye nimeshika kwa jina ya nyumba, na mukubwa wa nyumba ni weye, mwingine hayuko. Ukisema naachilia, naachilia. Lakini nikiachilia na Neema hajaitika, kule alipoolewa hatakosa kitu. Atakosa huku kwetu."

Nikamwuliza kukosa huku ni kukosa namna gani.

"Hatalia tena," akasema.

Niaminini, kwa wakati ule lilisikika kama neno zuri. Nani hataki mtoto aache kulia? Muhwezi mwenyewe alikuwa anaomba hilo. Na mbele yangu namwona mwanangu, niliyembeba mgongoni kule Fizi, amebeba maji ya kupoza gari la mtu kabla hajakwenda kuitwa mwizi. Wadogo wake Neema wako nyumbani wanangoja sufuria. Nilipima, kama mtu anavyopima unga mdogo kwa midomo mingi. Sikuwa na muda wa kupima mara mbili.

"Achilia, Asende," nikasema. "Nimesema mimi."

Ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa atue mzigo njiani, kabla hajafika alikokuwa anaupeleka. Akafungua vidole kimoja kimoja. Nyuma ya gari ikainuka, niliiona, kama kitanda mtu mzito anapoondoka. Akapiga makofi mawili juu ya buti kwa kiganja. Sikumwona akiondoka. Nilimwona amekaa, halafu nikaona vumbi.

Wilondja alipofika aliniuliza naongea na nani peke yangu. Nikamwambia na simu. Akatia maji, akawasha gari. Likapanda kile kipando kama limesahau kwamba ni zito. Tulipofika lami akasema, "Mama, imekuwa nyepesi." Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile kwa muda mrefu, nikalitazama kwenye kioo chake mpaka mjini.

Hajji alinipokea kwa chai. Nilikaa mbele yake nikamsemea mwanangu, bila kutaja niliyoyaona, maana angeniambia nini?

"Mama, mimi si mtu mbaya," akasema. "Lakini hii gari nakula tairi kama mbuzi nakula kiazi. Sawa. Kwa sababu yako, tuone mara moja tena."

Tairi hazikuliwa tena. Zile zile zilizokuwa zimeanza zikasimama pale zilipofikia, na zilizofuata zikazeeka zote kwa pamoja, mbele na nyuma, ndani na nje. Wasswa anajisifu mpaka leo kwamba ni bushi zake zilichelewa kukaa sawa. Mwacheni ajisifu. Hajji alimwomba Wilondja msamaha wa samaki, mbele ya Alimasi na wauza duka wake, na hilo si kila tajiri anaweza. Sufuria ilibaki jikoni. Sina budi kusema hivyo, nisiwe mtu wa kunung'unikia chakula alichokula.

Lakini Neema hakunipigia simu jioni ile kuniuliza nilimwitia nini. Wala kesho yake. Asubuhi zikaanza kupita bila mtu kuniuliza tunapika nini. Nikimpigia anaitika vizuri, kwa adabu, anauliza afya yangu, anasubiri nimalize.

Alikuja kututembelea mtoto wake alipokuwa ameanza kukaa. Muhwezi aliwaleta. Nilikuwa jikoni na Faila, nikamsikia anapiga hodi. Neema, kupiga hodi kwa mama yake. Alisimama nje ya ua, mtoto mkononi, akingoja kukaribishwa. Faila akadhani ni mchezo, akatoka anacheka, na kicheko kikamfia mdomoni. Alitupatia sukari na sabuni, kama mgeni anavyoleta. Alikaa kwenye kiti tunachompa mchungaji. Alikula kidogo, akashukuru, hakufunua sufuria kuona kilichobaki, yeye aliyekuwa analamba mwiko. Alipotaka kwenda msalani alimwuliza mama yake, kwa sauti ya chini, ni upande gani.

Msidhani alikuwa mgonjwa wa akili. Majina yetu yote aliyajua. Alikumbuka shule, alikumbuka harusi. Aliyakumbuka kama mtu anavyokumbuka kijiji alichopita na gari.

Nikampeleka kaburini kwa Asende. Nikakaa chini mimi mwenyewe, kwa magoti haya, nikashika upindo wa gauni lake nikaita. Neema mwana wa Wilondja, na wote mpaka Mwamini. Nikamwambia aitike. Akaitika. "Ndimi huyo," akasema, vizuri kabisa, kama mtu anavyoitika jina lake likisomwa hospitalini. Halafu akainama kupangusa vumbi kwenye viatu vya mtoto. Nilingoja. Upepo ulikuwa unapita kwenye mahindi. Hakuna kilichorudi.

Wakati wa kuondoka Muhwezi alinishika mikono miwili akanishukuru. Alisema Neema ametulia sasa, halii tena, nyumba yao ina amani, na anajua ni kwa maombi yangu. Nilimjibu nini? Nilimwambia aendeshe polepole. Neema alipunga mkono nyuma ya kioo. Faila alibaki mlangoni ameshika ile sabuni.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaooza mabinti: gari likija lenye vioo vizito, shusheni kioo. Vumbi litaingia, na liingie. Gauni litafuliwa. Kanisa litangoja, kanisa limeshangoja mambo makubwa zaidi. Msimnyanyue mwanamke aliyeshika mpaka asikie alichokaa chini kukisikia. Siku hizi gari jeusi likija kumchukua binti wa Kashojwa, mimi ndiye ninayekaa nyuma yake, hata kama si wa ukoo wetu, na Wilondja bila kuambiwa anashusha vioo vyote. Watu husema mama yake dereva anapenda vitenge. Na waseme.

Na wewe dereva, tairi zako za nyuma zikiliwa kwa ndani, nenda kwanza kwa fundi. Mara mingi ni bushi tu. Lakini fundi akishindwa, usiwe na haraka ya kuomba uachiliwe. Uliza kwanza ni nani ameshika, na anamshikia nani. Mimi niliuliza, nikajibiwa, na bado nikasema achilia.